Kwa Nini Nyumba Moja Huchambua Taka na Nyingine Huzitupa?



Hebu tuanze na chupa ya soda. Ile ya kioo. Mtu akienda dukani kununua soda ya kwenda nayo nyumbani, muuzaji humwuliza kwanza: "Chupa unayo?" Akiwa nayo wanabadilishana. Akiwa hana, anaacha fedha ya chupa, na siku akiirudisha anapewa fedha yake. Ndiyo maana chupa hizi hatuzioni zimetupwa ovyo njiani. Mtoto akiiona moja chini ya mti ataikimbilia kabla mwenzake hajaiona. Hakuna mkutano wa hadhara uliofanywa kutufundisha kurudisha chupa za soda. Lakini zinarudi, zinaoshwa kiwandani na kujazwa tena.

Sasa tazama chupa ya plastiki ya maji, ambayo watu wa Dar es Salaam huiita kopo. Maji yakiisha inatupwa. Iko mtaroni, iko mtoni, iko ufukweni. Siku hizi iko hata vijijini kwetu, kando ya barabara ya basi. Chupa ni chupa. Kwa nini hii inarudi na ile inatupwa?

Jambo hilo ndilo tunalotaka kueleza leo. Tutazungumza zaidi juu ya mitaa ya pembeni ya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na Temeke, maana huko watu ni wengi na mambo mengi yamejaribiwa. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Wote hao wanakula, na wote wanatupa.

Msomaji wa kijijini asiseme, "Hayo ni ya mjini, shauri yao." Ndizi, muhogo na machungwa tunayolima sisi ndiyo maganda ya Dar es Salaam. Watoto wetu wengi wanaishi huko. Na vijiji vyetu vingi vinageuka kuwa miji midogo, vina soko, vina stendi, na jalala limeanza kuota nyuma ya soko.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Kuchambua taka ni kuzitenga kwa aina zake: maganda peke yake, makopo peke yake, vyuma peke yake. Kurejeleza ni kuifanya taka iwe kitu kinachofaa tena: ndoo iliyovunjika iyeyushwe itoke ndoo nyingine, maganda yaozeshwe yawe mboji. Bila kuchambua, kurejeleza ni kazi ngumu sana. Karatasi iliyolowa mchuzi haina mnunuzi.

HESABU YA MAKOPO

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mbagala, wilaya ya Temeke. Nyumba ina vyumba sita, na kila chumba kina mpangaji na watoto wake. Ua ni mmoja, choo ni kimoja. Nyuma ya nyumba kuna kiroba kimoja, na kila mtu anatupa humo: maganda ya ndizi, majivu ya mkaa, mchanga wa kufagia uwanja, pampasi za watoto, makopo, mifuko ya unga.

Anakuja mtu wa mradi. Anasema, "Ndugu zangu, taka ni mali. Chambueni, mtapata fedha." Watu wanapiga makofi. Wiki mbili zinapita na kiroba ni kilekile kimoja. Mtu wa mradi anaondoka akilalamika kwamba wananchi hawana mwamko.

Haya, tupige hesabu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hivi. Kilo moja ni gramu 1,000. Ukigawanya 1,000 kwa 15 unapata karibu 67. Maana yake zinatakiwa chupa 67 ndipo upate kilo moja. Bei hubadilika kila mara, lakini kwa mfano wetu tuseme mnunuzi anatoa shilingi 300 kwa kilo. Familia ya kawaida ya Mbagala hainywi maji ya dukani kila siku. Inachemsha ya bomba au ya kisima. Tuseme inapata chupa 3 kwa wiki. Itachukua wiki 22 na zaidi kufikisha kilo moja. Miezi mitano kwa shilingi 300! Na muda wote huo makopo yanakaa wapi? Chini ya kitanda, katika chumba wanamolala watu watano.

Kwa hiyo mama aliyekataa kuchambua hakuwa mjinga. Hesabu aliijua kuliko yule aliyekuja kumfundisha.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo upande wa kijana mwenye mkokoteni. Yeye anapita kwa familia 600. Kila familia ikimpa chupa 3 kwa wiki anapata chupa 1,800. Hizo ni kilo 27, yaani shilingi 8,100 kwa bei ya mfano wetu. Aongeze ndoo na madumu yaliyopasuka, maboksi, sufuria zilizotoboka na vyuma chakavu, hapo anapata riziki.

Hapa ndipo tunapoona kosa la miradi mingi. Fedha ya makopo inamtosha mzoaji. Kwa nyumba moja ni kidogo mno. Ukimwambia mama achambue kwa ajili ya fedha, atajaribu mara moja, atapima, ataacha. Nyumba inahitaji sababu nyingine, na sababu hizo zipo.

NANI ANAYECHAMBUA?

Kabla ya kuzitaja, tuulize kazi hii inafanywa na mkono wa nani. Katika nyumba nyingi baba hajui hata kiroba cha taka kimewekwa wapi. Tusifichane, ndivyo ilivyo. Anayefagia ni mama, au binti wa kazi, au watoto wakitoka shule. Basi baba akiuza makopo yaliyochambuliwa na mama, akanunulia sigara, wiki inayofuata hayatachambuliwa. Faida ndogo ikimfikia yule aliyeinama, kazi inaendelea. Ikipita mkono mwingine, inakufa.

Wafanyabiashara wadogo wa mjini wanalijua hili siku nyingi. Wapo wanaopita mitaani na mabeseni kichwani wakiyabadilisha kwa nguo za zamani. Hawana semina. Mama anatoa suruali iliyochoka, anapokea beseni mkononi mwake, palepale mlangoni. Haambiwi asubiri mwisho wa mwezi.

Lakini hata mzoaji akija kwa heshima, mambo yanaweza kukwama. Mazungumzo kama haya ni ya kawaida:

"Shikamoo mama. Leo kuna makopo?"

"Marahaba mwanangu. Yapo. Na haya maganda utayachukua?"

"Maganda hapana, mama. Hayanunuliwi."

"Basi na makopo yaache. Uchukue kizuri uniachie kinachonuka?"

Mama huyo amegusa kiini cha jambo lenyewe.

MAGANDA NDIYO KAZI

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani Dar es Salaam ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya mboga. Hizo ndizo zinazonuka. Hizo ndizo zinazoleta nzi na panya. Hizo ndizo nzito, kwa sababu zina maji. Na hizo ndizo zisizo na mnunuzi mlangoni.

Ukiyaondoa maganda, taka zinazobaki ni kavu. Kiroba cha makopo na maboksi kinaweza kukaa wiki mbili bila kumsumbua mtu. Kiroba chenye maganda siku ya tatu kinatembea chenyewe kwa funza. Ndiyo sababu tunasema, mpango unaotaka nyumba zishiriki uanze na kile kinachonuka. Mama akiona uani kwake nzi wamepungua, hahitaji kushawishiwa tena. Hiyo ndiyo faida yake, na anaiona kila asubuhi.

Hapa mitaa ya pembeni ina nafasi nzuri kuliko ile ya katikati. Tandale nyumba zimebanana, hata pa kuchimba shimo hakuna. Lakini ukienda Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, au Chamazi upande wa Temeke, viwanja ni vikubwa zaidi. Watu wanafuga kuku, ng'ombe na nguruwe. Wanalima mchicha na matembele. Mfugaji anayafuata maganda mwenyewe, sokoni na kwa mama lishe. Kwake ganda la ndizi ni chakula cha mifugo. Hapo ukitaja neno taka anaweza kukushangaa.

Manispaa ya Kinondoni nayo, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande. Ni jambo zuri. Lakini kiwanda cha mboji hakipendi vipande vya chupa wala betri za redio. Kinategemea mkono wa yule anayetupa sokoni na nyumbani.

Ubaya wa kuyasahau maganda ulionekana Kairo, mji mkuu wa Misri. Huko tangu miaka ya 1940 zipo familia ambazo kazi yao ni kuzoa taka nyumba kwa nyumba. Walikuwa wanachambua vyote kwa mikono, wanauza vikavu, na mabaki ya chakula wanalishia nguruwe wao. Mwaka 2003 serikali iliingiza kampuni za kigeni zenye malori makubwa. Wenyeji wengi hawakuzoea kushuka na taka mpaka kwenye mapipa ya barabarani, kwa sababu walizoea mtu anayepanda mpaka mlangoni. Kisha mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali ikaamuru nguruwe wote wauawe. Mabaki ya chakula yakakosa mlaji. Yakajaa barabarani.

GARI LINALOCHANGANYA

Sababu ya pili ni imani. Hatusemi imani ya dini. Tunasema kumwamini anayekuja kuzoa.

Nyumba imechambua vizuri. Kiroba hiki maganda, kiroba kile makopo. Linakuja gari la taka, vijana wanarusha viroba vyote viwili juu ya lundo moja. Mama anatazama. Kesho yake atachambua? Nani angechambua? Tunadhani kitendo hicho cha dakika moja kinaharibu kazi ya semina kumi. Na gari lisipokuja kabisa siku iliyoahidiwa, ni vilevile. Watu wanarudia njia zao za zamani: kuchoma, kufukia, au kusubiri mvua inyeshe waachie maji ya mtaroni yabebe.

Dar es Salaam ina historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa linazoa sehemu ndogo mno ya taka zake, na mitaa ya wanyonge ilikuwa haizolewi kabisa. Mwishoni mwa miaka hiyo, chini ya Tume ya Jiji, kazi iligawiwa kwa kampuni ndogo na vikundi vya wananchi, na Shirika la Kazi Duniani likasaidia. Hananasifu, Kinondoni, kikundi cha akina mama kiitwacho KIWODET kilikuwa kimoja cha vikundi hivyo. Nyumba inalipa ada, kikundi kinazoa. Anayekuja kudai ada ni mtu unayemfahamu, mnakutana bombani na msibani. Asipozoa utamwuliza. Na wewe usipolipa utaona aibu kumwangalia usoni.

Siku hizi, kata ya Bonyokwa, ambayo iko Ilala lakini ni ya pembeni kama hizi tunazozizungumzia, asasi ya Nipe Fagio imesaidia wazoaji kuunda ushirika wao. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaeleza namna ya kuchambua, na vile vinavyooza vinatengenezwa mboji. Mzoaji ndiye mwalimu, na anarudi wiki ijayo kuona kama somo limeeleweka. Sisi wa kisomo tunalifahamu jambo hilo. Mwalimu anayekuja mara moja hajafundisha mtu kusoma.

Neno moja juu ya heshima. Waokota makopo wengi wanaitwa majina mabaya, wanafukuzwa mlangoni kama wezi. Halafu tunashangaa kwa nini wanapekua jalala usiku na kulitawanya. Mtu akikabidhiwa makopo safi mkononi, mchana, kwa salamu, hana haja ya kupekua.

JICHO LA JIRANI, NA SHERIA

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Vyoo vingi vilichimbwa nchini. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Watu waliamua pamoja, na kila mmoja akaenda kuona shimo la mwenzake limefika wapi.

Kuchambua taka kuna ugumu wake hapo. Choo kinaonekana, lakini kiroba kiko nyuma ya nyumba. Ndiyo maana inasaidia nyumba za jirani zikichagua siku moja ya kutoa taka kavu, zikatolewa mbele kwa wakati mmoja. Hapo kila mtu anaona nani katoa na nani hakutoa. Nyumba ya wapangaji ina shida zaidi, maana mpangaji anasema, "Nyumba si yangu," na mwenye nyumba anasema, "Taka si zangu." Wamalize jambo hilo siku ya kupangisha, pamoja na habari ya umeme na maji.

Tangu Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa ya kufagia. Ni desturi njema. Lakini tumeona mara nyingi taka zikifagiwa zikawekwa lundo kando ya barabara, na lundo likabaki hapo mpaka Jumamosi nyingine. Fagio limefanya kazi yake, gari bado.

Na sheria je? Inasaidia pale ambapo jicho lake linafika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Mtu akikutwa anautumia alitakiwa kulipa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Katika muda mfupi wanunuzi wengi walirudia vikapu na mifuko mingine. Iliwezekana kwa sababu askari alijua pa kwenda: sokoni na dukani. Lakini hakuna askari wa kusimama jikoni kwa mtu kuangalia ganda la embe limetiwa kiroba gani.

JALALA LINAPELEKWA KWA NANI?

Kuna wanaosema, "Zizolewe tu, za kuchambua nini? Zikatupwe mbali." Mbali ni wapi?

Zamani taka za Dar es Salaam zilitupwa Tabata. Moshi na harufu viliwashinda wakazi wa hapo. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki jiji, wakashinda. Jiji likahamia Vingunguti. Wakazi wa Vingunguti nao wakachoka. Kisha taka zikapelekwa Mtoni, Temeke. Kisha Pugu Kinyamwezi, ambako zinapelekwa mpaka leo. Kila mara "mbali" palikuwa ni nyumbani kwa watu fulani.

Na mtu akitoka Bunju kwenda Pugu anavuka jiji zima. Lori linakula mafuta, linachelewa kwenye foleni, na mvua ikinyesha njia inakuwa mbaya. Mafuta hayo yanalipwa na ada ya nyumba. Maganda yakibaki mtaani yakawa mboji au chakula cha mifugo, nusu ya mzigo haina haja ya kusafiri. Hii ndiyo sababu nyingine ya nyumba kushiriki, nayo haitajwi vya kutosha: nyumba iliyochambua ilipe ada ndogo kuliko ile isiyochambua. Hapo mama wa Mbagala ataona faida kila mwezi, siyo kwa miezi mitano.

Zisipozolewa wala kuchambuliwa, zinaziba mitaro. Maji yanatuama, yanaingia vyooni, yanaingia visimani. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilianzia Kinondoni kabla ya kuenea mikoa mingine, na kiliua watu. Makopo hayaleti kipindupindu. Maji machafu yaliyokosa njia ndiyo yanayokibeba.

KWETU KIJIJINI

Kijijini tuna nafasi na tuna mashamba, kwa hiyo maganda hayatushindi. Makopo na vyuma vikusanywe mahali pamoja, shuleni au kwenye ghala la kijiji, kwa sababu nyumba moja haitafikisha mzigo wa kumwita mnunuzi. Mtu mmoja anayeaminika aandike katika daftari nani kaleta kiasi gani. Kuandika tunajua. Anayekwenda mjini aulize bei kabla mnunuzi hajaja na mzani wake. Betri na vioo vilivyovunjika viwekwe mbali na watoto na mbali na shimo la mboji.

Shimo lenyewe lichimbwe kivulini, mbali na kisima, kina cha magoti kinatosha. Tandaza majani makavu chini. Weka maganda na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo, kisha udongo kidogo, halafu anza tena na majani makavu. Majivu yasizidi. Nyunyiza maji ili yawe na unyevu, lakini yasilowe chepechepe. Funika kwa majani ya mgomba. Baada ya wiki mbili au tatu geuza kwa jembe ili hewa iingie, na urudie hivyo. Ukichoma kijiti katikati ya lundo kikatoka na joto, mboji inaiva. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, haina harufu mbaya, na inaweza kupelekwa bustanini.